UZI: Kuchagua na kupanga vifaa vya kuzamia peke yako katika maji ya Mwanza

#1 Mzamiaji wa Luchelele

Ndugu wanajukwaa, hasa wa Kanda ya Ziwa, salaam.

Tangu ufugaji wa samaki kwa vizimba uenee kandokando ya ziwa letu, imezaliwa kazi ambayo zamani waliifanya watu wachache sana: kuzama na mtungi wa hewa ili kukagua nyavu za kizimba, kutoa samaki waliokufa na kuangalia kamba za nanga. Wafugaji wengi ninaowafahamu wana mzamiaji mmoja tu. Maana yake ni kwamba vijana wetu wanazama peke yao kila wiki, na vifaa wanavyovaa vimepangwa kwa ajili ya mtalii anayezama Zanzibar akiwa na kiongozi pembeni yake katika maji yanayoonyesha mbali. Nimeamua kuandika kwa sababu nimeulizwa swali lilelile na watu wanne tofauti: ninunue nini, na nikifunge wapi?

Nitangulize msimamo wangu ili nisieleweke vibaya. Simshauri mtu yeyote ajifunze kuzamia kwa kuanza peke yake. Mashirika yanayofundisha uzamiaji wa peke yako, kama SDI na PADI, hayampokei mwanafunzi kwenye kozi hiyo mpaka awe amekwisha kuzama mara 100 na kuziandika kwenye daftari lake. Ninayemwandikia hapa ni yule aliyekwisha kufundishwa, ambaye kazi imemkuta akiwa mwenyewe majini.

Mimi huwa nauliza hivi kabla ya kununua chochote: kama mwenzangu angekuwa pembeni yangu, angenifanyia nini? Angenipa hewa yangu ikiisha, angenikatia nyuzi nikinasa wavuni, angejua nilipo. Kifaa kinachofanya mojawapo ya kazi hizo ninakibeba. Kisichofanya ninakiacha nyumbani, kwa maana kila kinachoning'inia mwilini ni ndoano ya kunasia wavu.

Tuanze na hewa. Mtungi wa kawaida wa aluminiamu una ujazo wa lita 11 hivi, na ukijazwa hadi mgandamizo wa bar 200 unakupa lita 2,200. Zinaonekana nyingi, lakini zote zinapita kwenye koki moja na regulata moja, kile kifaa kinachopunguza mgandamizo na kukuletea hewa mdomoni. Pete ya mpira ikipasuka pale koki inapokutana na regulata, lita hizo zitatoka mbele ya macho yako kama povu, na hutakuwa na la kufanya. Ile regulata ya pili ya njano, ambayo mtalii humpa mwenzake aliyeishiwa, haikuongezei hewa. Ni mdomo wa pili kwenye kisima kilekile. Anayezama peke yake anahitaji mtungi wa pili wenye regulata yake, geji yake ya kuonyesha hewa iliyobaki na koki yake, ambao haushirikiani na ule wa kwanza kwa lolote.

Uwe na ukubwa gani? Hapa watu wengi hukisia, na mimi naomba tupige hesabu. Nachukua mita 15, kwa sababu ndicho kina ninachofika mara nyingi kwenye nanga. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ya juu inatugandamiza kwa bar 0.88 badala ya 1.01 ya pwani. Mita 15 za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinaongeza bar 1.47. Jumla ni bar 2.35. Mtu aliyetulia hutumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu, lakini aliyeshtuka huvuta zaidi ya hapo, hivyo mpe lita 40. Akiwa mita 15 atatumia lita 94 kila dakika. Mpe dakika mbili za kujinasua na kupanga mawazo: lita 188. Kupanda hadi mita 5 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika: lita 82 hivi. Kusimama dakika tatu pale mita 5, sasa akiwa ametulia kidogo na kutumia lita 30: kama lita 123. Kumalizia taratibu hadi juu: lita 34. Ukijumlisha unapata karibu lita 430.

Mtungi wa lita 3 uliojazwa bar 200 una lita 600, na unatosha na kubaki. Wa lita 2 una 400, hautoshi. Vile vichupa vidogo vya nusu lita, ambavyo vinavutia kwa sababu vinaingia mfukoni, vina lita 100; pale mita 15 umepata dakika moja na sekunde chache. Kwa heshima zote, ndugu zangu, kichupa hicho ni cha mtu aliye mita 5 chini ya mtumbwi wake, si cha mtu aliye kwenye nanga.

Sasa ufungwe wapi. Wengi huufunga mgongoni, ubavuni mwa mtungi mkubwa, kwa kuwa ni rahisi na hausumbui wakati wa kupanda mtumbwini. Mimi napinga mpangilio huo kwa maji yetu, kwa sababu ya lililonipata.

Ilikuwa alfajiri ya mwezi wa Agosti, mita 9 tu, chini ya kizimba ambacho mwenye nacho alitaka samaki waliokufa watolewe kabla jua halijachomoza. Wavu wa timba ulikuwa umechukuliwa na mawimbi kutoka ulikotupwa, ukajisokota kwenye kamba za nanga. Anayeijua timba anajua kwamba uzi wake ni mmoja mwembamba usio na rangi; sikuuona kabisa. Niliuhisi kwanza usoni kama utando wa buibui, kisha mtungi ukavutwa nyuma, na nilipogeuka kutazama kulikoni nikawa nimejiviringisha mwenyewe. Kisu changu kilikuwa kwenye muundi wa mguu wa kulia, kama tunavyoonyeshwa kwenye picha. Niliinama kukifuata, na mapezi ya miguuni nayo yakaingia wavuni. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshikwa kwenye kiwiko. Wavu wenyewe ulikuwa umekamata koki mbili nyuma ya kichwa changu, ya mtungi mkubwa na ya mtungi wa akiba, na pale mkono wa mtu haufiki ukiwa huru, seuze ukiwa umefungwa.

Kilichonitoa ni mkasi wa wauguzi, ule wenye ncha butu unaokata nguo za majeruhi, niliokuwa nimeununua duka la dawa mjini na kuuweka kwenye mfuko wa kiunoni bila kuufikiria sana. Nilikata mbele nikauweka huru mkono wa kushoto, nikafungua mikanda ya jaketi la kuelea, nikalivua huku regulata ikiwa mdomoni, nikaligeuza mbele yangu na kuzikata nyuzi kwenye koki moja baada ya nyingine kwa kupapasa. Nilitoka na bar 70.

Tangu siku ile mtungi wa akiba nauning'iniza mbele, upande wa kushoto, kutoka pete ya begani hadi pete ya nyonga, koki ikiwa chini ya kwapa ambapo mikono yote miwili inaifikia. Regulata yake inakaa chini ya kidevu kwa mpira laini uliozungushwa shingoni, ili niinamishe kichwa tu na kuiuma, hata kama mikono haipo. Koki naiacha wazi. Nafahamu kuna wanaoifunga wakiogopa hewa kuvuja bila wao kujua. Hofu yao ni ya kweli, lakini mimi naogopa zaidi kuvuta pumzi kwenye regulata iliyofungwa wakati nina pumzi moja tu kifuani. Geji yake naisoma kila ninapoisoma ile kubwa.

Nina vikataji vitatu, na hakuna kilichoko chini ya kiuno. Mkasi uko kwenye mkanda wa kiuno upande wa kulia, na kikataji kidogo chenye wembe ndani ya ndoano kiko kwenye mkanda wa bega la kushoto. Kisu kifupi chenye meno kiko katikati ya kifua, kwa ajili ya kamba nene. Kwa timba, kisu ni dhaifu: uzi usiokazwa unakikimbia, unausukuma tu, ilhali mkasi na kile chenye ndoano vinaushika kwanza ndipo vinaukata. Nilivijaribu vyote nyumbani kwenye vipande vya timba, nyavu za makila na kamba ya manila iliyolowa, na namshauri kila mmoja afanye hivyo kabla ya kukiamini chochote.

Neno moja kuhusu kulabu. Zile zenye mlango unaosukumwa ndani, kama za kufungia funguo, ziondoe zote. Wavu au kamba ikizigusa inaingia yenyewe, na wewe hujui kama umefungwa. Tumia zile zenye kifyatuo cha kuvutwa kwa kidole gumba, na uzifunge kwenye kifaa kwa uzi imara, si kwa pete ya chuma, ili kulabu ikigoma uweze kuukata uzi na kuondoka.

Nitaendelea na kompyuta ya mzamiaji inayopima kina na muda, na risasi, yaani uzito wa kumzamisha mtu, lakini naomba nisikie maoni kwanza.

#2 Mkaa Kirumba

Mkuu, nakushukuru kwa maelezo, ila siwezi kunyamaza. Nilifundishwa pwani, na jambo la kwanza kuambiwa ni kwamba hakuna kuzama bila mwenzako. Je, huoni kwamba kwa kuwaeleza vijana jinsi ya kupanga vifaa vya upweke unawahalalishia waajiri wao kuendelea kuajiri mzamiaji mmoja? Gharama ya mtungi mdogo ni ndogo kuliko mshahara wa mtu wa pili.

#3 Mzamiaji wa Luchelele

Ndugu Mkaa Kirumba, hoja yako ni nzito na sitaipuuza. Mwajiri anayeweza kulipa wawili na awalipe wawili. Hata hivyo, wewe umezama pwani, na naomba unisikilize kuhusu huku. Katika ghuba yetu mara nyingi naona mita moja, asubuhi nyingine chini ya kizimba sioni geji mpaka niiguse kwenye kioo cha miwani. Nimezama na mwenzangu mara nyingi katika hali hiyo. Tunapotezana kabla ya kufika mita 4, na kuanzia hapo sote wawili tunazama peke yetu huku tukiwa na vifaa vya watu wawili, kila mmoja akitegemea hewa ya mtu asiyejua yuko wapi. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya yule anayekubali tangu ufukweni kwamba yuko mwenyewe.

Mtu wa pili ninayemtaka mimi ni wa juu. Sizami bila mshika kamba mtumbwini, na huyo simhesabu kuwa anasa. Kamba imefungwa kwenye mkanda wa kifua chini ya jaketi, si kwenye jaketi lenyewe, ili nikilazimika kulivua nisiachane nayo. Tunatumia ishara za mivuto ambazo wazamiaji wa jeshi la majini la Marekani wanazitumia: mvuto mmoja kutoka juu ni "uko salama?", nami ninaurudisha, minne ni "panda". Kwa dharura, miwili-miwili-miwili ni "nimenasa, nahitaji msaada", mitatu-mitatu-mitatu ni "nimenasa ila nitajinasua", na minne-minne-minne ni "nivute sasa hivi". Siku ile ya timba nilituma mitatu-mitatu-mitatu, na kijana wangu akajizuia asivute. Angevuta angenikaza zaidi.

Kuhusu rangi, kwa kuwa umetaja mafunzo ya pwani: kule tunaambiwa mpira wa hewa wa njano ni wa akiba, mweusi ni wa kawaida. Sisi tuna ushahidi wa karibu kwamba rangi haitutoshi. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti uliofanywa kwenye ziwa hili hili, ukionyesha kwamba furu, ambao jike humtambua dume wa aina yake kwa rangi, wanachanganyikana pale maji yanapochafuka. Samaki aliyezaliwa humo, ambaye macho yake yameumbwa kwa maji hayo, anashindwa kutofautisha nyekundu na buluu. Mimi nitategemeaje njano? Kwa hiyo kila kitu changu kina alama ya kupapasa. Regulata ya akiba ina kipande cha kamba kilichofungwa fundo mbili kwenye shingo ya mpira wake, geji ya akiba ni ndogo kuliko ile kubwa, na kishikio cha kutoa hewa ya jaketi nimekifunga uzi mnene. Nikiwa gizani vidole vyangu vinajua ninachoshika.

#4 Muuguzi wa Nansio

Hamjambo wote. Kaka wa Luchelele, nimefarijika kuona mkasi wetu umefanya kazi hiyo. Mimi si mzamiaji, ila naomba niongeze jambo ambalo naona mnalipita: kichocho. Huku kwetu visiwani na Mwanza kwa jumla kimeenea sana, na wazamiaji niliokutana nao wanaamini kwamba nguo ya mpira inawakinga. Haiwakingi. Nguo ile inaingiza maji kwa makusudi, na vimelea vinaingia pamoja na maji hayo na kukaa kwenye ngozi muda wote mlioko chini. Konokono wa kichocho wanapatikana zaidi karibu na ufuko kwenye majani, na humwaga vimelea hasa jua linapokuwa kali, kuanzia asubuhi iliyokomaa hadi alasiri. Mkiingia mapema mkatoka mapema mnapunguza hatari, ila hamuiondoi. Mjikaushe kwa nguvu na taulo mara mnapotoka, na mpimwe kila mwaka. Dawa ya praziquantel ipo na inafanya kazi vizuri.

Swali langu kwa kaka: si kuna nguo zisizopitisha maji kabisa, na miwani inayofunika uso wote?

#5 Mzamiaji wa Luchelele

Dada yangu, ahsante sana, na umenisahihisha mimi pia, kwa sababu kwa miaka miwili niliamini hivyo hivyo.

Zipo. Nguo kavu ndiyo kinga bora ya ngozi, na kwa anayefanya kazi hii kila siku ningesema aifikirie, pamoja na kwamba maji yetu ya nyuzi 24 hadi 27 hayahitaji joto lake. Shida yake kwa aliye peke yake ni kwamba inaongeza chombo kingine cha hewa cha kusimamia: hewa inaingia miguuni, mtu anapinduka kichwa chini, na asiyefunzwa anapaa juu bila kutaka. Asiinunue kabla ya kufundishwa.

Miwani ya uso mzima inazuia maji kuingia mdomoni, na maji ya karibu na mji yana mengi ya kutoingia mdomoni. Lakini fikiria: regulata imeunganishwa na miwani yenyewe. Hewa ya mtungi mkubwa ikikatika, mtu analazimika kuivua yote, abaki kipofu, ndipo atafute regulata ya akiba. Anayeitaka lazima aweke kifuani koki ya kubadilishia, inayoleta hewa ya mtungi wa akiba kwenye miwani ile ile kwa kuzungusha mkono, na bado abebe miwani ya kawaida mfukoni. Bila koki hiyo, kwangu mimi miwani ya uso mzima na upweke havikai pamoja. Ninayotumia ni ya kawaida, na ya pili iko kwenye mfuko wa paja la kulia.

#6 Mgeni wa Dar

Wakuu, shikamooni. Nimezama pwani mara 140, na mwezi ujao nahamia Mwanza kikazi. Nina jaketi, regulata ya kawaida ya kubana, kompyuta na mkanda wa risasi wa kilo 8. Je, nibadilishe nini? Pia nimesikia watu wakitumia mitungi miwili ya ubavuni badala ya mkubwa na mdogo, ipi bora?

#7 Mzamiaji wa Luchelele

Marahaba, karibu sana Mwanza.

Anza na kompyuta. Kuna zinazojipima zenyewe zilipo na kuna zinazotaka uziambie. Soma kijitabu chake usiku wa leo. Ikikaa kwenye hesabu ya usawa wa bahari itakudanganya, kwa sababu kinachouumiza mwili ni uwiano kati ya mgandamizo wa chini na wa juu unakorudi. Kwa uwiano huo, mita 18 za hapa unazihesabu kama zaidi ya mita 20 za pwani. Iweke pia kwenye maji baridi, la sivyo itakuonyesha kina pungufu kwa asilimia tatu hivi. Siku ya kufika kwako usizame. Unatoka usawa wa bahari na mwili wako umebeba naitrojeni ya huko, ile gesi ya hewani inayoyeyuka mwilini kwa mgandamizo na kutoa viputo mgandamizo ukipungua ghafla. Upe nafasi ya kuipunguza, angalau saa sita, mimi nasema lala kwanza.

Na wewe au mgeni wako yeyote asizame asubuhi kisha jioni akapanda gari kwenda Arusha kupitia Serengeti. Barabara ile inapita ukingo wa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu, na mwili hautambui tofauti kati ya gari na ndege. Mwanza hatuna chumba cha shinikizo cha kumtibu aliyepatwa na viputo vya naitrojeni kwenye damu, ndiyo maana mtumbwini kwangu kuna mtungi wa oksijeni ya huduma ya kwanza wenye barakoa yake, na ndiyo maana sikai chini hadi kikomo cha kompyuta. Ikisema nimebakiwa na dakika kumi, ninapanda.

Risasi zipunguze. Maji ya bahari ni mazito kwa asilimia 2.5 kuliko haya, hivyo ikiwa wewe na vifaa vyako ni kilo 100, ondoa kama kilo 2.5. Kisha pima: mtungi ukiwa na bar 50 na jaketi likiwa tupu, uweze kusimama mita 5 bila kupaa. Usizidishe. Chini ya vizimba vyetu kuna tope laini lisilo na mwisho, aliyezidisha risasi analitibua na kuzama humo.

Regulata ya kubana ibadilishe kuwa ya skrubu, ile ya DIN, ukipata nafasi. Ya kubana ikigongwa na bomba la kizimba inaweza kusogea na kuiumiza pete. Ya skrubu imeingia ndani ya koki. Chagua ambayo hatua yake ya kwanza, sehemu inayokaa kwenye koki, imezibwa isiingize tope.

Mitungi miwili ya ubavuni ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na nisingesita kama ningeanza upya. Koki ziko chini ya makwapa, unaziona na kuzifikia. Mgongoni hakuna kitu cha kunasa. Na unaweza kumkabidhi mtu wa mtumbwini mtungi mmoja mmoja ukiwa bado majini, jambo ambalo mgongo wako utakushukuru. Unavuta kwenye mmoja bar 40, unahamia mwingine, ili wakati wowote kila mmoja uwe na hewa ya kukufikisha juu. Mitungi pacha ya mgongoni iliyounganishwa kwa bomba siipendekezi hapa. Ni mizito kwa mtumbwi na koki zake ziko mahali palepale timba iliponishika.

Boya usilisahau. Mitumbwi yenye injini inapita kwa kasi bila kutazama chini, na mimi sipandi juu bila boya kunitangulia au bila mshika kamba kusimama na bendera. Filimbi moja begani. Tochi mbili, hata mchana.

#8 Kijana wa Kome

Shikamoo kaka mkubwa, na wote. Mimi ndiye mzamiaji pekee kwenye vizimba vya bosi wangu. Nimesoma, nimezama mara 160, ila fedha ni ya kubangaiza. Nina mtungi mmoja. Nimeambiwa mambo mawili: kwamba nijazie hewa kwenye kompresa ya gereji kwa kuwa ni karibu, na kwamba kwa mtungi wa akiba nitumie mtungi mdogo wa oksijeni wa mafundi wa kuchomelea. Pia nianze kununua nini?

#9 Mzamiaji wa Luchelele

Marahaba mdogo wangu. Nimesoma ujumbe wako nikaacha nilichokuwa nafanya.

Yote mawili usiyafanye. Kompresa ya gereji inapulizia matairi. Kwanza inafikia sehemu ndogo tu ya bar 200, na hewa yake ina mafuta ya injini na moshi wa magari yanayowashwa pale pale. Kaboni monoksaidi haina harufu. Juu ya nchi kiasi kidogo kitakuumiza kichwa. Mita 15 kiasi hicho hicho kinazidishwa na mgandamizo, na utazimia bila kujua. Kompresa ya wazamiaji ina vichujio, na bomba lake la kuvutia hewa linatakiwa kuwekwa upande upepo unakotoka, mbali na moshi wa injini yake yenyewe. Unapojaza, simama hapo uone. Fungua koki kidogo, pulizia kitambaa cheupe. Ukiona doa, mwaga yote.

Oksijeni tupu nayo ni sumu chini ya mgandamizo. Ukipita mita 6 inaweza kukuletea degedege, na mwenye degedege hawezi kuuma regulata. Mtungi wenyewe ukiguswa na grisi unaweza kulipuka. Na hewa ya kawaida usiijaze kwenye mtungi usiojua historia yake. Wa kwako upimwe kwa maji ya shinikizo kila miaka mitano na ukaguliwe ndani kila mwaka.

Utaratibu wa kununua: kwanza mkasi na kikataji cha ndoano, kwa kuwa ni fedha ndogo na wiki hii hii unaweza kuvipata. Pili kamba na mtu wa kuishika, ambaye bosi wako lazima amlipe. Mwonyeshe uzi huu. Tatu mtungi wa lita 3 na regulata yake, hata vilivyotumika, ila regulata ifanyiwe huduma kabla haijalowa. Mpaka utakapoupata huo wa tatu, usipite mita 5, na nanga wazivute juu kwa mtumbwi wazikague huko. Najua ni kazi zaidi.

Kabla ya hayo yote kuna jaribio lisilo na gharama. Vaa kila kitu ukiwa nchi kavu, piga magoti, mwenzako akufunge macho kwa khanga, kisha akutajie kifaa kimoja kimoja: mkasi, koki, regulata ya akiba, miwani ya pili, kufungua mkanda wa risasi. Kila kimoja kwa mkono wa kulia, halafu kwa wa kushoto huku wa kulia umeshikwa. Kisichopatikana ndani ya sekunde kumi, kihamishe.

#10 Kijana wa Kome

Kaka, nimerudi na majibu. Nimepata mkasi na kikataji cha ndoano, na bosi amekubali mshika kamba baada ya kusoma mfano wa timba. Jana jioni tulifanya jaribio la khanga hapa ufukweni, watoto wakituzunguka. Mkasi kiunoni kulia, kwa mkono wa kulia nimeupata mara moja. Kwa wa kushoto nimeukosa mara tatu, kumbe jaketi likijaa hewa linaufunika. Nimeusogeza mbele karibu na kifungo cha mkanda, nikajaza jaketi, nikajaribu tena: sekunde nne. Mkanda wa risasi nao ulikuwa unafunguka kwa kulia tu, kwa sababu nilikuwa nimeuchomeka mkia wake chini ya kamba ya jaketi. Leo tunarudia tena tukiwa majini, kina cha kiuno, kabla jua halijawa kali.

#11 Mzamiaji wa Luchelele

Vizuri sana. Mkirudia, jaza jaketi nusu na uvae glavu zako za kazi, kwa kuwa ndivyo utakavyokuwa chini. Niandikie.